Cheo cha Shefu Kina Mzigo Wake

Kijana akimaliza kozi ya upishi ya miezi sita, siku hizi hujitambulisha kama shefu kabla hajawahi kusimama jikoni siku ya wageni wengi. Koti jeupe halina tatizo. Ninachokataa ni kuruka ngazi.

Mpangilio wa majiko ya hoteli tulionao umetokana kwa sehemu kubwa na Mfaransa Auguste Escoffier. Huyu alipikia jeshi katika vita vya 1870, na kuanzia 1890 akaongoza jiko la hoteli ya Savoy, London. Aligawa kazi kama kikosi: wa sosi, wa samaki, wa nyama ya kuchoma, wa vyakula baridi, na juu yao mmoja wa kuwajibika, yaani shefu.

Mpishi huulizwa juu ya sahani yake. Shefu huulizwa yote. Bahari ikichafuka na samaki wakapanda bei, ni yeye anayebadilisha menyu asubuhi hiyo hiyo. Anajua nani yuko likizo, kama friji imekaa chini ya nyuzi 5, na kama wali wa jana ulipozwa upesi au uliachwa mezani hadi usiku. Hupiga hesabu ili gharama ya vyakula isizidi takriban theluthi ya bei ya sahani. Akikosea hapo, wageni watasifu chakula huku hoteli ikila hasara. Zipo siku hashiki hata mwiko.

Sasa mtazameni mpishi wa shughuli, wa Unguja, Tanga au Mombasa. Mtajie idadi ya waalikwa, naye atakutajia mchele, nyama, vitunguu na kuni. Anapanga nani amenye usiku, nani asimamie nyama, pilau ipaliwe makaa saa ngapi. Chakula kikipungua, aibu ni yake peke yake. Hiyo ni kazi ya shefu, tena bila jokofu wala mizani. Lakini akiomba kazi hotelini, atapewa viazi amenye kwa kuwa hana cheti, na hilo linaniuma.

Vyuo kama Kenya Utalii, kilichoanza 1975, vinajua kufundisha hesabu za jikoni na usalama wa chakula, mambo ambayo huenda mpishi huyu wa shughuli hakuyapata kwa aliyemfundisha. Vimpime kwa vitendo, vimwongezee hayo, kisha vimpe cheti.