Antiokia Nako Kulikuwa na Kibao cha "Usikojoe Hapa"

Ijumaa Kuu nilikaa benchi la tatu kutoka mbele, Mama kulia kwangu, gauni jeusi, miwani imeshuka puani. Mwinjilisti alikuwa mgeni. Dakika ishirini za mwanzo alihubiri vizuri mpaka nikajisemea leo tumepata mtu. Alipofika kwa Pilato, gari likaacha njia. "Wayahudi walimuua Yesu wetu! Walimkataa, naye akawaachia dini yao, akaja kwetu na Ukristo!" Amina, kanisa zima. Akamalizia na Paulo: eti aliitwa Sauli alipokuwa Myahudi, Mungu akambadilisha jina kule Dameski, akaitupa dini ya Kiyahudi akawa Mkristo kama mimi na wewe. Makofi.

Nikamgeukia Mama. Naye alikuwa anapiga makofi.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, leo nalitoa. Na kabla hamjanirukia: siongelei serikali ya Israeli wala vita vya leo. Naongelea mimbara.

"Yesu wetu." Huyo Yesu wetu alitahiriwa siku ya nane, akapelekwa hekaluni, akakua anaingia sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Luka ndiye aliyesema, si mimi. Lile pindo la vazi aliloligusa mwanamke mwenye kutokwa damu, ambalo kwaya zetu zimeliimba mpaka limechakaa, halikuwa upindo wa fundi cherehani. Neno la Kigiriki alilotumia Mathayo ndilo la vile vishada ambavyo Hesabu 15 inawaagiza wana wa Israeli wavitie kwenye ncha za nguo zao. Mama yule alishika kitu cha Kiyahudi kabisa, akapona.

Na Mafarisayo tumewaonea hadi kwenye tafsiri. Mathayo 23:5 ya Kiswahili inasema "hupanua hirizi zao". Hirizi! Nimekua nikiamini Mafarisayo walikuwa na mganga, kwamba chini ya yale makanzu kuna kitambaa cheusi kimefungwa kiunoni. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa ni vijisanduku vya ngozi vyenye maneno ya Torati, ambavyo Wayahudi hufunga mkononi na kwenye paji la uso wakati wa sala, wakifuata Kumbukumbu la Torati 6. Yesu hakulaumu kuvivaa. Alilaumu kuvipanua ili watu waone. Tuna wachungaji wenye misalaba ya kifuani mikubwa kama sahani, lakini tuyaache hayo.

Rudi Matendo 3:1. Petro na Yohana wanapanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Hapa Mswahili ana bahati yake, maana saa za Biblia ni saa zetu, zinahesabiwa tangu jua kuchomoza. Saa tisa ile ni saa tisa hii ya alasiri, wakati wa dhabihu ya jioni. Pentekoste imeshapita, Roho ameshashuka, watu kama 3,000 wameshabatizwa, na mitume bado wanafuata ratiba ya Hekalu. Hakuna aliyedhani amehamia dini nyingine.

Paulo naye hakubadilishiwa jina Dameski. Matendo 13:9 inamwita Sauli "ambaye ndiye Paulo", majina mawili kwa mtu mmoja, kama nusu ya watu ninaowajua. Miaka mingi baada ya Dameski anasimama mbele ya Baraza na kusema: "Mimi ni Farisayo, mwana wa Mafarisayo." Ni. Hakusema nilikuwa. Timotheo alitahiriwa na Paulo mwenyewe. Vita vyake vilihusu watu wa mataifa, yaani mimi na mwinjilisti: je, tutahiriwe ndipo tupokelewe? Kwenye mwaka 49 hivi mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, wakajibu hapana. Kikao kizima kilijadili namna ya kuwapokea wageni. Leo mgeni amekalia kiti cha mwenye nyumba, kakunja nne, na anauliza yule mzee pale mlangoni ni nani.

Basi Wayahudi na Wakristo walitengana lini? Wengi watakutajia mwaka 70, Tito, jemadari wa Kirumi, alipoliteketeza Hekalu. Wengine 135, Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi, aliposhindwa, na Kaisari Hadrian akapiga marufuku Wayahudi kukanyaga Yerusalemu. Yote yalisukuma. Hata kodi ilisukuma: baada ya 70 ile kodi ya Hekalu, drakma mbili, ilielekezwa kwa mungu Jupiter wa Roma, kila Myahudi alipe, na chini ya Kaisari Domitian makusanyo yakawa ya kinyama. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kuwa alipokuwa kijana aliona mzee wa miaka 90 akikaguliwa mbele ya umati kama ametahiriwa. Wakati kama huo swali la "wewe ni Myahudi au si Myahudi" halikuwa la wanatheolojia tu. Lilikuwa na risiti.

Ila mimi miaka hii hainitoshi, na sababu yangu ni kibao. Mjini kwetu kila ukuta wa pili umeandikwa USIKOJOE HAPA, na faini chini yake. Hakuna anayeandika maneno hayo kwenye ukuta usiokojolewa. Ukiyaona, jua ukuta ule una wateja.

Sasa soma mababa wa kanisa kwa jicho hilo. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasio, askofu wa Antiokia, anaandika kuwa ni upuuzi kumtaja Yesu Kristo na kuishi Kiyahudi. Kibao. Karne ya 4, maaskofu wanakutana Laodikia, ndiyo ile ya vuguvugu kwenye Ufunuo, wanatunga kanuni: Mkristo asipumzike Sabato, afanye kazi. Kibao. Kanuni ya 38: ni marufuku kupokea mikate isiyotiwa chachu kutoka kwa Wayahudi. Hiyo ndiyo inanichekesha na kuniuma kwa pamoja, kwa sababu naijua. Ni sahani ya pilau inayovuka ua siku ya Idi, imefunikwa kawa, na mtoto anaambiwa asiimwage. Zaidi ya miaka 300 baada ya Msalaba, jirani Myahudi alikuwa anamletea jirani Mkristo mkate wa Pasaka, na ikabidi maaskofu wakae kikao kuzuia sahani.

Kibao kikubwa kuliko vyote kiko Antiokia, mji ule ule ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Mwaka 386 na 387 kasisi Yohane, ambaye baadaye alipewa jina la Krisostomo, Mdomo wa Dhahabu, alipanda mimbarani mara nane kuwafokea waumini wake. Kosa lao? Wanakwenda sinagogi. Sikukuu ya Baragumu wapo, ya Vibanda wapo, siku za kufunga wapo. Anasimulia kuwa siku chache kabla alimkuta mwanamume Mkristo anamburuta mwanamke, naye Mkristo, aingie sinagogi akale kiapo juu ya mgogoro fulani. Yohane akamnasua yule mama, akamuuliza mwanamume: kwa nini usimpeleke kanisani kwako? Akajibu kwamba watu wengi wamemwambia kiapo cha kule kinaogopwa zaidi.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka watu wa daladala wakanigeukia. Mwaka juzi pampu ya maji ya uani kwetu iliibiwa usiku. Polisi tulikwenda, tukapewa namba ya jalada. Kanisani tuliombewa. Siku ya tatu nikasikia mtaani kwamba kuna kisomo cha albadiri kinaandaliwa, na katika waliochanga kwa siri kulikuwa na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, mwenye miwani inayoshuka puani. Nilimgombeza sana. Sasa naona nilikuwa nacheza Krisostomo bila kujua.

Kwa hiyo mtengano haukutokea kama mwinjilisti anavyodhani, watu wakalala Wayahudi wakaamka Wakristo. Wakubwa walijenga ukuta kwa karne nne, na wadogo wakawa wanaupanda kila sikukuu. Na kwa kuwa watu hawakusikia, matusi yakaongezwa. Mdomo ule wa dhahabu uliiita sinagogi danguro na pango la wezi. Sisi Walutheri tusijifanye hatuhusiki: mwaka 1543 Luther aliandika kitabu kinachotaka masinagogi yachomwe moto. Wakatoliki walau mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliandika wazi kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Habari hiyo haijafika benchi la tatu.

Haya, nikubali kidogo, ingawa kwa shingo upande. Injili ya Yohana inasema "Wayahudi" kwa ukali, na inataja waaminio kutengwa na sinagogi. Justino, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, anadai Bar Kokhba aliamuru Wakristo waliokataa kumkana Kristo waadhibiwe vikali. Ugomvi ulikuwepo, na haukuwa wa upande mmoja. Lakini ugomvi wa Yohana ni wa Myahudi na Wayahudi wenzake. Ukiurithi wewe ambaye ukoo si wako, huo si ushuhuda tena, ni uchonganishi.

Na Wasabato, ndio, nawaona mnavyotabasamu. Tabasamuni leo tu.

Kuna mtu wa huku kwetu ambaye nampenda katika habari hizi: Semei Kakungulu wa Uganda, mkuu wa vita wa Kiganda. Alibatizwa, akasoma Biblia bila kuomba ruhusa ya mmisionari, akaona Torati haijafutwa popote, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ipo mpaka leo karibu na Mbale. Sisemi tumfuate. Nasema alisoma kitabu kile kile tulicho nacho mkobani akaona mlango, ilhali sisi tunahubiriwa ukuta.

Jumapili jioni nilimsomea Mama yote haya sebuleni, pamoja na ule mkasa wa kiapo cha Antiokia. Alisikiliza kimya, anachambua mchele. Akaniuliza kama yule mama aliyeburutwa alipona, nikamwambia ndiyo. Akauliza kama Bikira Maria naye alifunga mfungo wa Kiyahudi, nikamwambia bila shaka. Akatikisa ungo, akapuliza makapi.

"Krisostomo wako na aseme yake," akasema. "Pampu ilirudi."