Nyumba huanza kufa kichwani

Swali la kwanza la wakala wa bima lilikuwa mwaka. Hakuuliza paa liliezekwa lini, wala nyaya za umeme ni za aina gani, wala maji yanapita kwenye bomba la chuma au la shaba. "Imejengwa mwaka gani?" Nikamjibu 1926. Nikasikia vidole vikigonga kompyuta, kisha akanitajia bei: dola 3,900 kwa mwaka. Shemeji yangu anaishi Woodbury, kitongoji cha mashariki ya hapa St. Paul, Minnesota, Marekani, katika nyumba ya 2015 iliyo kubwa kuliko yangu na yenye thamani zaidi. Yeye alikuwa akilipa 2,300.

Nilikasirika wiki nzima. Sasa imepita miaka sita na nimejifunza mengi, likiwemo hili: nusu ya bei ile ilikuwa haki. Nimekuja kuizungumzia ile nusu nyingine, lakini siwezi kuifikia bila kuanza na ya kwanza.

Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Unguja. Nimekua nikimbebea ndoo kwenye nyumba zilizojengwa kabla babu yake hajazaliwa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko. Alikuwa akiniambia nyumba huanza kufa kichwani. Maji yakipata njia juu, yanateremka ndani ya ukuta, chokaa inalainika, boriti zinaoza pale zilipoingia kwenye jiwe, na siku moja sakafu inashuka yote. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu ya mbele Desemba 25, 2020, ukarabati ukiwa unaendelea. Lakini kuna nyumba za rika lake mitaa michache kutoka hapo ambazo watu wanalala ndani usiku huu bila wasiwasi, kwa sababu kila baada ya miaka kadhaa kuna mtu anapanda juu na kuziba. Na lile ghorofa la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 na kuua watu lilikuwa la juzi ukililinganisha na jumba la Barghash.

Kwa hiyo nilipoingia kwenye nyumba yangu ya 1926 nilipanda darini kwanza. Nilichokikuta huko ndicho kilichonifanya nimwelewe wakala.

Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa tangu miaka ya 1880 hadi 1940 hivi zilitandazwa umeme kwa nyaya moja moja, zikishikiliwa na vifundo vya kauri na kupitishwa kwenye mirija ya kauri kila zinapotoboa mbao. Hazina waya wa ardhi. Ganda lake ni la mpira na kitambaa, na baada ya miaka 90 ukiligusa linamomonyoka mkononi kama biskuti. Mfumo ule ulitegemea hewa ipite pembeni ya nyaya ili zipoe, lakini wamiliki wa baadaye, wakikimbia baridi ya Minnesota, wamemwaga pamba za kuhifadhi joto juu yake. Nilizikuta zimezikwa hivyo hivyo, juu ya chumba nilichokuwa nimekusudia walale wanangu. Kampuni nyingi za bima hazikubali kabisa nyumba yenye nyaya hizo, na katika hili sina la kuwalaumu. Kuzibadilisha kulinigharimu dola 13,000, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya jiko.

Kila kizazi cha nyumba kina ugonjwa wake. Zilizojengwa kati ya 1965 na 1973 nyingi zina nyaya za alumini, ambazo hulegea kwenye maungio na kupata moto. Zilizojengwa tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990 zinaweza kuwa na mabomba ya plastiki ya polibutilini yanayopasuka bila taarifa. Za kale kama yangu zina mabomba ya chuma yanayoziba kwa kutu kutoka ndani, na bomba likipasuka Januari, nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri, nyumba yote ya chini inakuwa bwawa na kisha barafu. Bima ndiyo inayolipa hayo. Ni haki yao kuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wetu wengi hawalijui wanaponunua nyumba ya zamani. Bei ya bima haifuati bei uliyonunulia. Inafuata gharama ya kuijenga upya ikiungua. Nyumba yangu ina kuta za lipu iliyopakwa juu ya vipande vyembamba vya mbao, milango ya mwaloni mzito, na ngazi iliyochongwa kwa mkono. Leo kumpata fundi wa kazi hiyo ni shida, na bei yake ni kubwa kuliko ya mbao za jasi wanazopigilia Woodbury. Juu ya hapo, nyumba ikiungua nusu, mji hauruhusu uirudishe ilivyokuwa. Unatakiwa kufuata kanuni za ujenzi za leo: umeme wa leo, ngazi za vipimo vya leo, madirisha ya leo. Mkataba wa kawaida unalipa kurudisha kilichokuwepo. Tofauti ya kufikia kanuni mpya inalipwa na kipengele cha pembeni, na mikataba mingi hukiwekea kikomo cha asilimia 10 tu ya thamani ya bima ya nyumba. Kwa nyumba ya 2015 hiyo inatosha. Kwa ya 1926 ni kidogo mno. Mimi nimeongeza, na naomba kila mwenye nyumba ya kabla ya vita kuu ya pili akasome ukurasa huo kabla ya kulala leo.

Na paa sasa. Hapa Minnesota adui wa paa ni mvua ya mawe. Waliokuwepo Juni 11, 2017 wanakumbuka ilivyopiga eneo hili asubuhi ile. Paa za vigae vya lami, ambazo ndizo za wengi, hudumu miaka 20 hivi, na kampuni nyingi siku hizi paa likishazeeka hubadilisha kimyakimya namna ya kulipa: badala ya gharama ya kuezeka upya, wanalipa thamani iliyobaki baada ya kuondoa uchakavu. Maneno hayo yako kwenye karatasi ya mwisho ya barua ya kuhuisha bima, na yanaonekana madogo. Pigeni hesabu pamoja nami. Kuezeka ni dola 18,000. Paa lako lina miaka 15 kati ya 20, kwa hiyo thamani iliyobaki ni robo, dola 4,500. Mkataba unasema kwa mvua ya mawe wewe unabeba kwanza asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na nyumba imekatiwa bima ya dola 350,000, hivyo unabeba 3,500. Unachopokea ni dola 1,000. Umelipa bima miaka yote hiyo, mawe yametoboa paa, na unapewa pesa isiyotosha hata kununua vigae vya upande mmoja.

Haya yote niliyoyataja ni hali ya nyumba. Nyaya, mabomba, paa, lipu: vyote vinaonekana kwa macho, vinapigwa picha, vinaandikwa. Kwa nini basi niulizwe mwaka?

Waswahili walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka wa kujengwa ndio mlango. Nilipomaliza kazi ya umeme, nilikwenda ofisi ya mji nikachukua nakala za vibali vyote vilivyowahi kutolewa kwa nyumba ile. Nikakuta mwenye nyumba aliyenitangulia alibadilisha mabomba yote kuwa ya shaba mwaka 1998, na paa lilikuwa la 2009. Zaidi ya hayo, St. Paul ilikuwa ikimtaka muuzaji afanyiwe ukaguzi wa nyumba na amwonyeshe mnunuzi ripoti yake, na humo kila kitu kimeandikwa, kuanzia boksi la umeme hadi tangi la maji moto. Habari zote zilikuwepo siku ile wakala aliponiuliza mwaka. Nilibeba bahasha yangu kwa wakala mwingine anayefanya kazi na kampuni kadhaa, akasoma karatasi moja moja, na bei ikashuka hadi dola 2,650. Nyumba ilikuwa ile ile, na mwaka wake ni ule ule wa 1926.

Mimi nilikuwa na dola 13,000, nina Kiingereza, na nina baba aliyenifundisha kusoma nyumba. Wengi wanaohamia mitaa ya East Side na North End hapa St. Paul hawana hata kimoja. Ndugu zetu kutoka Kongo waliokuja kwa njia ya kambi za wakimbizi wananunua nyumba za 1910 na 1920 kwa sababu ndizo pekee wanazozimudu. Nyumba ni nafuu kwa kuwa ni ya zamani, kisha bima ni ghali kwa kuwa ni ya zamani, na ule unafuu waliouona kwenye tangazo unaliwa polepole. Benki hukusanya bima pamoja na rejesho la mkopo, kwa hiyo mtu aliyeahidiwa rejesho lisilobadilika kwa miaka 30 anashangaa limepanda dola 140 kwa mwezi. Akishindwa na bima ikakatika, benki inamnunulia bima yake yenyewe, ghali zaidi, inayolinda mkopo wa benki na kuacha vyombo vya mwenye nyumba nje.

Jambo hili lina historia, na inaniumiza. Huko Milwaukee, katika jimbo jirani la Wisconsin, NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na wakazi weusi waliishtaki kampuni ya bima ya American Family, wakidai kwamba inawanyima bima au kuwapa iliyo duni wenye nyumba wa mitaa ya watu weusi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sheria ya haki ya makazi inahusu bima pia. Mwaka 1995 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 14.5, na kampuni ikakubali kuacha kukataa nyumba kwa sababu tu ya umri wake au bei yake. Kanuni ya umri haikutaja rangi ya mtu yeyote. Haikuhitaji. Mtaa wa nyumba kuukuu ulijulikana ni mtaa wa nani.

Sisemi wakala wangu alikuwa na nia hiyo. Nasema mwaka wa nyumba ni kipimo kinachojua kuchagua watu bila kuwataja, na chombo cha namna hiyo hakifai kuachwa peke yake kwenye kompyuta.

Wala si lazima iwe hivi. Florida, jimbo ambalo bima yake imevurugika kuliko karibu yote, lilipitisha sheria Mei 2022: kampuni haiwezi kukataa nyumba kwa sababu ya umri wa paa tu ikiwa paa halijafika miaka 15. Likishafika, mwenye nyumba ana haki ya kuleta mkaguzi, na mkaguzi akithibitisha kuwa limebakiwa na miaka 5 au zaidi ya kutumika, umri peke yake hauwezi kuwa kisingizio. Hilo ndilo ninalolitaka hapa Minnesota, na si kwa paa tu. Nataka sheria iseme kwamba mwenye nyumba akileta ripoti ya mkaguzi aliyesajiliwa kuhusu umeme, mabomba, paa na mfumo wa joto, kampuni iisome na bei iifuate ripoti hiyo. Nimeshamwandikia mbunge wangu mara mbili.

Kampuni zitasema zimeanza kutazama hali, kwa sababu sasa zinapiga picha paa kutoka angani. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliletewa barua ya kusitishiwa bima pamoja na picha kama hiyo, ikionyesha doa jeusi kwenye paa lake. Tulipanda na ngazi. Doa lilikuwa majani ya mti wa jirani yaliyolowa. Alichukua wiki tatu kuwathibitishia, akiwa na miaka 74, na kila alipopiga simu alipokelewa na mtu mwingine. Picha ya angani haikuingia ndani ya nyumba ile. Imebaki mlangoni, ila mlango wa juu.

Jumamosi hii nakwenda na kaka mmoja Mkongo kutazama nyumba ya 1919 anayotaka kuinunua karibu na Payne Avenue. Nimemwambia asiweke amana mpaka apate bei ya bima kwa maandishi kutoka sehemu tatu, na amwombe muuzaji ripoti ya ukaguzi leo hii. Ameniambia jiko ni zuri sana, mke wake amelipenda. Nimemwomba aje na nguo za kazi. Mimi naleta tochi na ngazi, tutaanzia darini.