Klarineti inavutaka sigara?

Zilibaki siku tatu kufika Pasaka, na klarineti yangu ikagoma noti za chini. Kila nikipuliza fa ya chini, inaruka na kulia do ya juu kama mbuzi siku ya Krismasi. Wenzetu wa saksofoni chombo kikiwaponyoka kinaruka oktava moja tu, mtu anaweza kujifanya amekusudia. Klarineti inaruka noti 12. Hapo humdanganyi mtu.

Nikabadilisha anshi, ule ulimi wa tete wa mdomoni. Bure. Nikapaka mafuta kwenye maungio. Bure pia, na sasa chombo kizima kinateleza mikononi. Maestro akasema ubaya ni mapafu yangu. Paka wa parokia, ambaye hajawahi kujali muziki, akaanza kuja mazoezini na kuketi miguuni pangu, macho kodo kwenye klarineti. Nikajipa moyo: shabiki ni shabiki.

Mzee mmoja wa fanfari, bendi yetu ya vyombo vya kupuliza, akanionea huruma. Chukua karatasi ya sigara, akasema, kata kipande, kiweke chini ya kila tampo, yaani kile kifuniko laini kinachoziba tundu, funga, vuta polepole. Kikishikwa, tampo ni nzima. Kikitoka bila ubishi, hewa inavujia hapo.

Mimi sivuti. Nikaenda kwenye kibanda karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu, nikanunua sigara moja, nikajibanza nyuma ya kanisa, nikaipasua. Tumbaku bado iko kiganjani, Mama Prezida wa kwaya huyo.

"Yezu Maria! Weye! Unavutaka?"

"Hapana, mama. Ni ya klarineti."

"Klarineti inavutaka sigara?"

Nikaanza kumweleza habari za tampo, tumbaku ikinimwagikia viatuni. Hakutaka somo. Akaniamuru nifungue mdomo, akasogeza pua, akanusa kwa makini kama anayenunua maziwa. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii si moshi. Hii ni samaki."

Samaki? Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu tu! Kitu pekee kilichogusa midomo yangu siku hiyo...

Nikafungua sanduku la klarineti mbele yake. Tampo ya ufunguo wa nyuma, ule wa gumba la kushoto unaopandisha noti juu, karatasi ilitoka yenyewe. Nikachokoa kwa njiti. Kikaanguka kichwa cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kikavu, jicho likinitazama.

Jumamosi iliyopita, kweli, mama yangu alinituma sambaza ufukweni. Mfuko ulipasuka njiani, nikazimwaga humo sandukuni. Nilisema ni dakika tano tu.

Siku ya Pasaka fa ya chini ilitoka nene kama ya ng'ombe. Nusu ya kwaya inaamini navuta sigara, nusu inaamini navuta sambaza. Paka alichukua kile kichwa akaondoka, na mazoezini hajarudi tena.