Chungu cha umeme: nunua kidogo, punguza maji, na maharagwe yachemshe kwanza

Ukiingia duka la vyombo Nakuru au Kisumu ukaulizia chungu cha umeme kinachopika polepole, muuzaji atakuonyesha kwanza kile cha lita 6. Kinapendeza rafuni, na tofauti ya bei na vile vidogo haitishi. Kwa anayeishi peke yake au wawili, usikichukue. Chungu hiki kinataka kijazwe kati ya nusu na robo tatu, kwa sababu kwa kawaida waya za moto zimezunguka ubavuni, tofauti na koili ya jiko iliyo chini. Nusu kilo ya nyama ndani ya lita 6 inabaki kitakoni, mchuzi unaenea mwembamba, unakauka na kushika pembeni kabla nyama haijalainika. Mwenye chungu analaumu chombo, na kufikia Krismasi kimeshakuwa cha kuwekea vitunguu.

Mtu mmoja anatoshwa na lita 1.5. Wawili, au mmoja anayepika leo ale na kesho, lita 2 hadi 2.5. Cha lita 3.5 ni cha watu wanne.

Chagua swichi ya kuzungusha, si ya vitufe. Stima ikipotea na kurudi, vyungu vingi vya vitufe hubaki vimezimika, nawe uko kazini hujui. Cha kuzungusha kitaendelea chenyewe. Na kama jamaa anakutumia chungu kutoka Marekani, mwambie asome kibandiko cha chini kwanza: kikisema volti 120, soketi ya hapa yenye volti 240 itakichoma. Cha Uingereza hakina shida hiyo, hata plagi ni ileile.

Kuhusu tokeni, sifa zimezidi kidogo. Chungu cha lita 1.5 kinakula wati 120 hivi, kwa hiyo saa 8 ni karibu uniti moja. Cha lita 3.5 chenye wati 200 kinafika uniti moja na nusu na ushee. Ni nafuu, lakini si bure. Kenya Power huwawekea bei ya chini wateja wa nyumbani wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Mtu wa chumba kimoja mwenye taa, simu na televisheni akiongeza chungu mara nne kwa wiki, ameongeza uniti kama 16 kwa mwezi, na huenda akavuka mpaka huo bila kujua kwa nini tokeni za shilingi zilezile zimepungua. Piga hesabu yako kabla ya kushangilia. Kwa githeri na maharagwe, sufuria ya presha ya umeme inakishinda chungu hiki kwa muda na kwa stima. Pahali pake chungu ni nyama ngumu.

Hapo ndipo kinapostahili pesa. Nyama ya mguu wa ng'ombe, shingo, mkia, matumbo, jogoo wa kienyeji aliyezeeka: zote zina mishipa na ngozi ngumu zinazohitaji saa nyingi za moto mdogo ili ziyeyuke ziwe utomvu unaofanya mchuzi unate midomoni. Kuku wa gredi usimtie kwa saa 8. Atabaki nyuzinyuzi, mifupa ikielea.

Kwa chungu cha lita 2, watu wawili: gramu 500 za nyama ya mguu, vipande vikubwa kama kisanduku cha kiberiti, viazi viwili na karoti moja, kitunguu kimoja, nyanya mbili, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji nusu kikombe. Ndiyo, nusu. Mvuke hauna pa kutokea, unagonga kifuniko na kurudi, na nyama na nyanya zinatoa maji yao. Anayepima maji kwa jicho la sufuria ndiye anayepata supu ya hospitali. Kaanga nyama kwenye gesi hadi iwe kahawia, kisha kitunguu hadi kibadilike rangi. Hatua hii wengi wanairuka, lakini chungu hakikaangi, na kitunguu kibichi humo kitanuka kitunguu cha kuchemshwa mpaka mwisho. Viazi na karoti vikae chini na pembeni karibu na moto, maana huchelewa kuiva kuliko nyama. Nyama juu. Moto wa chini (Low) saa 8, au wa juu (High) saa 4 hadi 5. Mwishoni, ukitaka mchuzi mzito, koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa maji baridi, mimina, weka moto wa juu dakika 30. Dhania uitie ukishazima.

Usifunue kuchungulia. Chungu cha wati 120 hakina nguvu ya kurudisha joto haraka. Kila kufunua kunagharimu dakika 20 hadi 30. Nyama iliyoganda kwenye friza isiingie humo, itakaa vuguvugu muda mrefu mno na vijidudu vitazaliana kabla joto halijapanda.

Kisha kuna suala la mwinuko, ambalo vitabu vya mapishi vya ng'ambo havikuwazii. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni nyuzi 94. Ukiwa Nakuru ongeza karibu saa moja kwa muda ulioandikwa, na Molo, iliyo juu zaidi, uongeze zaidi ya hapo. Chungu hakijaharibika.

Maharagwe mekundu ndiyo hatari ya kweli. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu, na moto wa chini wa chungu huenda usifike huko. Maharagwe yaliyopashwa hadi nyuzi 80 yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Punje nne au tano zinatosha kukutapisha ndani ya saa chache. Loweka usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya kwenye gesi. Ushauri wa kawaida ni dakika 10 za mchemko wa nyuzi 100. Kwa mwinuko wetu, chemsha 30. Ndipo uyatie chunguni. Cha kuchekesha, Irving Naxon, Mmarekani aliyepata hataza ya chombo hiki mwaka 1940, alikiuza kama chombo cha kupikia maharagwe.

Mboga ni mbili tofauti. Sukuma itageuka majani ya chai, iache. Lakini managu na saga, zile osuga na dek za soko la Kibuye, zimezoea kulala kwenye nyungu na maziwa. Zichemshe kwenye sufuria dakika 15, mwaga maji machungu, tia chunguni na kikombe kimoja cha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, moto wa chini saa 2 hadi 3. Maziwa yakikatika kidogo usiyamwage, ladha haiharibiki.

Tatizo la mwajiriwa ni siku ndefu. Unatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unarudi saa kumi na mbili jioni: hizo ni saa 11 na nusu, na chungu kidogo kitakuwa kimepikisha kupita kiasi. Usitatue kwa taima ya soketi inayowasha saa sita mchana. Nyama mbichi haifai kukaa kwa saa tano na nusu kwenye joto la Kisumu. Afadhali pika usiku. Washa saa tatu, zima saa kumi na moja alfajiri, beba chakula cha mchana, kinachobaki kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe upesi na kiingie friji. Usiku pia utasikia stima ikipotea. Ikikosa kwa muda wa saa mbili na nyama haijaiva, itupe. Kama haijafika hapo, hamishia kwenye gesi umalizie.

Alama ya kuweka joto (Warm) haipashi kiporo. Kipashe kwenye sufuria hadi kitokote. Bakuli la kauri lililo ndani ya chungu halipandi juu ya gesi wala jiko la makaa, na likiwa moto usilimwagie maji ya bomba. Litapasuka, na bakuli la ziada ni shida kulipata madukani.