Ramani ya Newport na mtoto aliyepewa jina la mji

Mwaka 1758 mchungaji Ezra Stiles aliuchora kwa mkono mji aliokuwa akiishi, Newport, bandari tajiri ya Rhode Island, koloni la Uingereza katika Marekani ya leo: mitaa, nyumba, na magati yaliyojipanga baharini kama meno ya kitana. Ramani hiyo imehifadhiwa mjini humohumo, katika maktaba ya Redwood, ambako Stiles mwenyewe aliwahi kuwa mkutubi. Kuna wanaoiona hazina, na kuna wanaoiona ushahidi wa upande mmoja.

Wanaoitetea huanza na vita vya uhuru wa Marekani. Jeshi la Uingereza liliuteka mji Desemba 1776 likakaa karibu miaka mitatu, na baridi ilipowabana, askari walibomoa nyumba kwa mamia wapate kuni. Nyumba hizo leo utazitafuta kwenye karatasi tu. Ipo ramani ya Blaskowitz, iliyochapishwa London 1777, lakini ile ni ya jicho la mpima ardhi wa jeshi. Stiles alichora mitaa aliyoipita kila siku. Isitoshe, wanasema, kazi ya ramani ya mji ni majengo. Kuilaumu kwa kutoonyesha watu ni sawa na kuilaumu mizani kwa kutopima urefu.

Ningeikubali hoja hiyo yote kama nisingejua nani alishika kalamu. Mwaka 1756 Stiles alimkabidhi nahodha wa meli ya watumwa pipa la ramu, pombe ya miwa, alipeleke Afrika. Nahodha akarudi na mtoto wa kiume wa miaka kama 10, na Stiles akamwita Newport. Yaani mji ulipokuwa ukichorwa, mtoto mwenye jina la mji huo alikuwa mtumwa nyumbani kwa mchoraji. Aliachwa huru 1778.

Wala hakuwa peke yake. Sensa ya 1774 ilihesabu watu zaidi ya 9,200 Newport, zaidi ya 1,200 kati yao wakiwa weusi, wengi wao watumwa. Walilala kwenye madari na majiko ya nyumba hizohizo zilizochorwa, na kwenye magati hayohayo ndiko ramu ilikopakiwa kwenda kununua wengine.

Sidhani Stiles alificha kitu. Kwake jambo hilo lilikuwa la kawaida mno kiasi cha kutohitaji wino, na hilo kwangu ni zito kuliko uongo. Lakini siiweki ramani kando: bila hiyo hatungejua milango ilikuwa wapi. Naisoma tu pamoja na jiwe moja la 1768 katika makaburi ya Waafrika ya mji huo, yaitwayo God's Little Acre. Pompe Stevens, mtumwa aliyekuwa mchonga mawe, aliandika juu yake kwamba amelichonga yeye, kwa kumbukumbu ya ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki akiwa na miaka 40.