Uani Ni Ndani, na Naomba Mniache

Kwanza, wote mnaonitumia vikatuni vya bunduki na kofia za chuma, nimewaona. Na wewe uliyeuliza kwenye kundi kama ni kweli "jamaa yetu kajaribu mapinduzi na gambuti," nimekuona pia, na mahari ya dada yako usinihesabu tena kwenye mchango.

Naandika leo hii hii, mikono bado inatetemeka, kwa sababu jirani yangu wa chumba cha pili, Mtanga mwenzangu, mtu niliyekula naye sahani moja tangu lokidauni ianze, ameshatoa toleo lake la mambo ya alfajiri hii kwa voisi ndefu na anatembeza video. Voisi ile ina chumvi. Video haina chumvi, ila inaonyesha miguu tu, na miguu haiwezi kujieleza.

Mlioko Tanga na Dar, mnaopanda daladala na kubanana sokoni, hamtaelewa, lakini jaribuni. Huku Kampala, lokidauni hii ya korona, Aprili 2020, magari binafsi marufuku. Boda anabeba mzigo, abiria habebi. Kafyu inaanza saa 1 jioni mpaka saa 12:30 asubuhi. Mazoezi tuliachiwa mwanzoni, na kwa kuwa baa zimefungwa, makanisa yamefungwa, mpira hakuna, mji mzima ukagundua una mapafu. Jioni barabara ya Northern Bypass ilijaa watu ambao hawajakimbia tangu shuleni. Mie nilikuwemo. Tulikuwa tunakimbia mabega yanagusana, tunahemeana shingoni, kwa ajili ya afya.

Tarehe 8 Aprili Rais Museveni akatokea kwenye televisheni akasema basi, mambo ya kukimbia makundi barabarani yaishe, mtu afanye mazoezi ndani kwake. Halafu ikatoka video yake mwenyewe: mzee wa miaka 75, miguu peku, suti ya michezo ya kijivu, anakimbia ofisini kwenda na kurudi, kisha anashuka chini anapiga pushapu 30. Mlioiona mnajua. Mie niliangalia ile ofisi kuliko nilivyomwangalia yeye. Mtu anaanza kukimbia upande huu, anapata joto, anatoa jasho, ndipo anaukaribia ukuta wa pili. Chumba changu nikinyoosha mkono wa kulia nazima taa, wa kushoto nageuza chapati.

Ndiyo tukaanza kubishana: uani ni ndani au ni nje?

Tunapanga nyumba ya vyumba mstari mmoja, ukuta mzima kuizunguka, geti moja, choo kule pembeni. Mie msimamo wangu ni kwamba ukishaingia getini uko ndani. Mama mwenye nyumba akasema hapana, ndani ni chumbani kwako ulikolipia, uani ni pake yeye, na pakiwa na watu wa vyumba vyote pale ni mkusanyiko. Mwalimu wa chumba cha mwisho, ambaye shule zimefungwa tangu Machi na hana wa kumsahihisha ila sisi, akasema ndani ni mahali penye paa. Nikamuuliza, basi usiku ukienda chooni unavunja kafyu? Maana unapita uani. Akanyamaza. Nilishinda pale, watu wote walinicheka upande wangu, mnaweza kumuuliza hata huyo mleta voisi. Mama mwenye nyumba akasema kwenda chooni si mazoezi. Kijana wa mitumba wa soko la Owino akasema inategemea umekula nini.

Ubishi ukalala hivyo hivyo. Mie sikutaka kuuamsha. Nikasema nitakimbia alfajiri, wenye hoja wakiwa wamelala.

Sasa leo. Usiku mvua imepiga, uani matope, raba zangu ni nyeupe. Nikavaa gambuti. Nikafunga tochi kichwani, ile ya kamba, kwa sababu nyuma ya nyumba kuna kamba za kuanikia na mwezi uliopita moja ilitaka kunichinja. Kumbukeni hilo neno.

Nikaanza taratibu kuizunguka nyumba. Pu, pu, pu. Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania hawezi kukimbia kimya, hilo mnalijua. Miguu ikishakolea, mdomo unafuata wenyewe.

"Mchakamchaka!"

Hakuna wa kuitikia. Nikaitikia mwenyewe, kwa sauti nzito ili isifanane na ya kwanza:

"Chinja!"

Ikanoga wallahi. Nikaongeza. Nikikata kona ya nyuma sauti inafifia, nikirudi mbele inapanda, gambuti zinapiga matope, tochi inamulika madirisha moja baada ya jingine. Zile nyimbo za mchakamchaka mnajua zilishika moto miaka ya vita na Idi Amin, na ndiye zinayemtaja. Mie sikufikiria. Nilikuwa nafikiria kitambi.

Hapa naomba mlio nyumbani mwelewe kitu. Kwa watu wengi wa Kampala, Kiswahili ni lugha ya mwenye bunduki. Kimekuwa cha jeshini tangu enzi za mkoloni, na wakubwa wanakumbuka "panda gari" ya miaka ya 80, watu wanasombwa mitaani na malori, na amri yenyewe ndiyo hiyo, kwa Kiswahili. Ukimsalimia mama wa watu sokoni "habari za leo" kwa upole wote wa Tanga, anakupunguzia bei haraka mpaka unaona aibu.

Basi fikirieni wao, kitandani, gizani, saa za kafyu. Mwalimu baadaye alisema alihesabu askari wasiopungua kumi na wawili wanaizunguka nyumba, na mmoja ana kazi ya kuitikia tu.

Nikasikia komeo likigongwa upande wa mama mwenye nyumba. Nikadhani mwizi. Si ndiyo ujirani? Nikasimama, nikavuta pumzi, nikapaza:

"Nani hapo? Simama hapo hapo! Toka nje tuonane!"

Kimya. Kisha sauti ya mama mwenye nyumba, nyembamba kabisa, sijawahi kuisikia siku za kodi: "Banange, abajaasi!" Wanajeshi! Nami nikageuka na tochi yangu kutafuta hao wanajeshi wako wapi, moyo unanidunda, kwa sababu hata mie nawaogopa.

Kijana wa Owino alitoka dirishani na bukta, akaruka ukuta. Nje ya ukuta ni barabara. Kwenye barabara kulikuwa na doria. Akawaangukia miguuni, akawaambia askari wamevamia kwetu. Wakamwambia askari ni sisi. Akasema basi wapo wengine.

Geti likafunguliwa. Wakaingia wawili na mwenyekiti wa mtaa amevaa koti la mvua juu ya pajama. Nikaona nguo za kazi, nikafurahi, nikasema wamekuja kutusaidia. Nikainama kidogo kwa adabu:

"Shikamoo afande."

"Shika nini?"

"Hapana afande, nakusalimia."

"Wewe iko nakimbia wapi usiku hii?"

Nikasema sikimbii popote, nazunguka. Mlango wa babu wa chumba cha nne ukafunguka polepole. Jjajja tunamwita, mtu mzima sana. Akanimulika na tochi yake, akaitazama gambuti, akauliza leo tarehe ngapi. Akaambiwa 11 Aprili. Akasema mara ya mwisho Watanzania kukimbia Kampala na mabuti ilikuwa tarehe hii hii, mwaka 1979, na wale walikuwa na shughuli maalumu, ya kumng'oa Amin.

Hata askari alicheka. Hapo nilidhani yamekwisha. Lakini mwenyekiti ni mtu wa utaratibu, akataka kujua kosa ni lipi, na akauliza lile swali. Uani ni ndani au nje? Saa 12 alfajiri, watu wana shuka mabegani, wakaanza upya. Mwalimu na paa lake. Mama mwenye nyumba na mkusanyiko wake, huku ameukusanya yeye. Mie na choo changu. Nikakazia, nikasema afande, Rais mwenyewe alihimiza mazoezi.

Ulimi huu.

Askari akauliza, "Video ya Mzee uliona?" Nikasema ndiyo. "Alipiga ngapi?" Thelathini. "Iko na miaka ngapi?" Sabini na tano. "Na wewe?" Nikasema thelathini na nne. Akatabasamu. "Basi piga zako. Ndani."

Sasa chumba changu mmeshakijua. Kitanda, jiko la gesi, mfuko wa unga wa posho, na katikati ya sakafu sufuria ya maharage niliyoloweka jana usiku. Nikilala kifudifudi sienei. Tukajaribu, kichwa kikaingia, kiwiliwili kikaingia, kuanzia magotini nikabaki kibarazani. Mwalimu akauliza kama hiyo inahesabika kuwa ndani. Mwenyekiti akafikiri, akasema tuangalie moyo uko wapi.

Kwa hiyo watu wote wako nje wanaangalia gambuti, na mie niko ndani peke yangu na maharage. Sufuria ilikuwa hapa, chini ya pua. Hakuna aliyeniruhusu kuisogeza, na mie kuomba niliona haya.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyehesabu, kwa Kiluganda. Emu. Nikashuka, pua ikakaribia maji, nikapanda. Vizuri tu. Bbiri. Ssatu. Mpaka hapo nilijiona, nikawaza hii habari nitaisimulia kwa kujisifu. Nnya. Kwenye ya nne kitu fulani begani kikasema "ti." Ttaano ilichukua muda. Nilishuka vizuri, kushuka hakuna shida, nchi inakuvuta, ila kupanda nikawa napanda upande mmoja, wa kushoto umebaki chini unafikiri. Nyuma yangu nikasikia mtoto anauliza kwa mama yake kama mjomba amelala. Nikapanda. Nikanyoosha viwiko. Jasho linadondoka kwenye maharage, tone, tone, nalisikia.

Mukaaga.

Ya sita nimeipiga. Nataka hilo lieleweke. Nilishuka mpaka ncha ya pua ikagusa maji, baridi, nikaona punje moja ya maharage imechipua kidogo, nikasema na moyo wangu, nikasukuma dunia. Mikono ikaanza kucheza ngoma ambayo sikuiita. Nikafika juu. Nikasikia mama mwenye nyumba anasema "mukaaga" tena, kana kwamba ananitia moyo, kisha ya tatu, "mukaagaaa," anaivuta, ananisubiri, kijiji kizima kinanisubiri, afande anasema "twende, twende," na mie nikashuka kuitafuta ya saba.

Sikuipata. Viwiko viliachia vyote kwa pamoja, bila kuagana. Uso ukaingia sufuriani mpaka masikioni, na gambuti, kwa sababu kichwa kimeshuka ghafla, zikapaa hewani kule kibarazani. Ndiyo sehemu mnayoirudia rudia kwenye video. Ile sauti ya mluzi ni pua.

Nilivyotoka, nina punje kwenye nyusi. Huyo Mtanga mwenzangu anasema kwenye voisi "jamaa kalia mbele za watu." Sikulia. Yale ni maji ya maharage. Nitalisema hilo hata mahakamani.

Yaliyobaki hayana maana. Ikafika saa 12:30, kafyu ikaisha, afande akasema hana tena la kunishikia, akaondoka anafuta macho. Kijana wa Owino alisamehewa kwa kuwa bukta haina mfuko wa kitambulisho. Mwenyekiti akatoa uamuzi: uani ni ndani ukienda chooni, ni nje ukikimbia. Mwalimu ameuandika na kuubandika getini. Mama yangu kapiga simu kutoka Tanga, ameshaona video kabla sijanawa uso, anasema nirudi nyumbani, huko watu wanakimbia ufukweni bila kuulizwa. Nimemwambia mipaka imefungwa, yanapita malori ya mizigo tu. Akasema basi nijifunge kwenye gunia.

Maharage nimeyapika. Nimemnyima mtu wa voisi.

Mama mwenye nyumba amenisamehe, ila uani hapa sasa naitwa Mukaaga, watoto wanaitikia "chinja," na kila nikipita kwenda chooni Mwalimu anatazama saa yake. Mchana huu nimemsikia anamwambia Jjajja kwamba, kwa haki kabisa, hata ile ya sita ana mashaka nayo.