Pembetatu ya daftarini na pembetatu ya kwenye skrini

Waambie wanafunzi wa kidato cha kwanza wachore pembetatu yoyote, wapime pembe zake tatu kwa kipimapembe, kisha wajumlishe. Mmoja atapata 177, mwenzake 183. Halafu tazama vifutio vinavyoanza kazi: kitabu kimesema 180, basi kila daftari litasema 180. Nafundisha hisabati hapa Busia, upande wa Uganda, na jambo hili huniumiza kuliko alama mbaya za mtihani. Mtoto amepima kwa mkono wake, kisha amejifunza kudanganya kuhusu alichokiona.

Kwa sababu hiyo nilizipokea kwa mikono miwili programu za jometri kama GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Shule haiilipii, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Hilo ni nafuu kubwa katika nchi ambayo tangu Julai 2021 bando linatozwa kodi ya asilimia 12.

Wengi husifu usafi wa mistari yake. Mimi naona thamani yake iko kwenye kuvuta. Unashika ncha moja ya umbo, unaivuta, na umbo zima linasogea nayo. Mraba uliochorwa kwa kukadiria macho unavunjika papo hapo. Uliojengwa kwa masharti, pande sawa na pembe za nyuzi 90, unakua, unapungua, unazunguka, lakini unabaki mraba. Kwenye karatasi miraba hiyo miwili hufanana kabisa.

Mfano ninaoupenda unatoka kwa mafundi wetu. Fundi mwashi akitaka kujua kama msingi wa nyumba umekaa mstatili, hupima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, anaendelea. Wanafunzi wameliona hilo mitaani, hivyo ukiwauliza watakujibu kwamba umbo la pande nne ambalo vipimo vyake vya kona kwa kona ni sawa lazima liwe mstatili. Wape programu wavute. Baada ya muda mmoja wao atapata umbo lenye mdomo mpana na kitako chembamba, kama beseni likitazamwa kwa ubavu, na vipimo vya kona kwa kona ni sawasawa! Je, fundi amekosea? Hapana. Yeye kwanza alihakikisha kuta zinazotazamana zina urefu mmoja, na kamba ikamalizia. Sharti hilo la kwanza lilikuwa limejificha, na kuvuta ndiko kulikolifichua.

Walimu wenzangu wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ile ya uhaba wa kompyuta hainitishi sana, kwani laptopu moja na projekta vinatosha darasa zima likibishana kuhusu ncha ipi ivutwe. (Umeme ukikatika, somo limekwisha, hilo nakubali.) Hoja ya mtihani ni ngumu zaidi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka mwanafunzi atumie teknolojia, lakini swali la ujenzi wa maumbo katika mtihani wa UCE, wa kumaliza kidato cha nne, limezoeleka kudai rula, penseli na bikari tu. Na bikari ina elimu yake. Mtoto ambaye penseli yake butu imemla milimita mbili anajua kwa vidole vyake kwamba kila kipimo kina kosa. Skrini haimfundishi hivyo. Inampa namba yenye desimali mbili naye anaiamini kama neno la mzee.

Lakini skrini nayo hukosea. Chukua pembe za nyuzi 45.336, 62.446 na 72.218. Jumla ni 180 kamili. Programu ikizikadiria kwa desimali mbili itaonyesha 45.34, 62.45 na 72.22, na mwanafunzi akijumlisha anachokiona atapata 180.01. "Mwalimu, kompyuta imekosea?" Hilo ndilo swali ninalolisubiri, kwa sababu darasa sasa limeona kwamba kipimapembe hakikuthibitisha 180, na kompyuta pia haikuthibitisha. Kinachothibitisha ni mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako: pembe mbili za chini zinajitokeza tena pale juu, kando ya ile ya tatu, na zote kwa pamoja zinajaza mstari ulionyooka.

Kwa hiyo siungi mkono shule inayotaka programu ichukue nafasi ya bikari, wala mwalimu anayeifungia kompyuta kabatini hadi mtihani upite. Naanza na karatasi, vifutio vikiwa mezani kwangu, na kila jibu linaandikwa ubaoni lilivyo: 177, 183, 179. Skrini inafuata. Saa chache tulizonazo kwenye chumba cha kompyuta sizitumii kuchora maumbo ya kupendeza; tunavuta mpaka umbo likatae, kisha tunarudi kwenye daftari kutafuta kwa nini limekataa.